Mwambie Asije Kuichukua Deki

Mwanangu Hamisi,

Begi lako umelifunga tangu alasiri, na mimi nimelifungua mara mbili kuangalia kama kuna nilichosahau kutia. Hakuna. Sina kazi nyingine usiku huu ila kukaa na kalamu. Usicheke. Najua huwa unasema mwandiko wangu ni nyayo za kuku aliyekanyaga wino. Nilijifunza kuandika ukubwani, kwenye darasa la watu wazima, wewe ukiwa mgongoni unanivuta nywele, kwa hiyo kama herufi zimepinda lawama tunagawana.

Mambo ya kula, kulala, kusali na kuamka mapema sikuandikii. Mjomba wako huko Dubai ana mdomo wa kukutosha, na hata akichoka yeye, mkewe atapokea kijiti. Nakuandikia kwa sababu ya deki yangu ya kanda.

Jioni ulipokuwa unakula uliniambia yule kijana wa Tandika anayenunua vyombo vikuukuu atakuja kuichukua mwisho wa mwezi, wewe ukiwa umeshafika Dubai. Ukasema mzigo wa kwanza wa mjomba ukija, ndani yake itakuwemo mashine ya sidii, mpya, ya kumeza sahani tano kwa mpigo. Nikaendelea kukupakulia. Ukaniambia, "Mama, we unang'ang'ania nini na hilo dude? Watu wote sa'hizi wanahamia kwenye sidii. Kanda zitakufa hizi, utakuja kukosa hata pa kununua." Nikakujibu niache nifikirie. Ukasema, "Unafikiria nini, zawadi hiyo, mama!" Ukanawa mikono, ukatoka kwenda kuaga wenzio, na mimi nikabaki naiangalia sahani yako.

Nimekuwa nafikiria tangu saa ile. Na sikufikiria kijinga, maana mimi si mshamba wa vyombo, hilo unalijua. Amplifaya ile na deki ni marehemu baba yako aliyevileta ndani, alipokuwa anafanya kazi bandarini. Yale maboksi ya spika tulikwenda wote wawili Keko kuyachongesha, na mimi ndiye niliyemwambia fundi asitie mbao nyembamba. Masikio ninayo. Ulipoileta ile mashine ya sidii ya kwanza, ya kujaribu, kutoka dukani kwa bosi wako Kariakoo, niliisikiliza siku nzima. Ni kweli ilikuwa safi. Fidla ilisikika mpaka unajua mpigaji kavuta pumzi wapi. Kanda zangu zina ule mvumo wa shiii kama mafuta ya vitumbua yaliyoanza kupata moto, na nyingine zimerekodiwa mara ya tatu au ya nne kutoka kwa mtu aliyerekodi kwa mtu. Sidii haivumi, hailegei sauti wakati wa joto, haihitaji mtu kuzungusha kalamu ya Biki kwenye kitundu. Ukitaka wimbo wa sita unabonyeza sita. Kama ni kushindana kwa uzuri, deki yangu imeshindwa, na sitaki ufikiri sijui hivyo.

Unakumbuka niliirudisha. Nilikaa nayo siku chache tu, halafu nikakwambia inakula umeme na inaniumiza kichwa. Ulinuna. Uliibeba mikononi kama mtu anayerudisha mchumba kwao. Ukaniambia mimi mwoga wa vitu vipya, nami nikakuacha uamini hivyo kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kukwambia ukweli.

Hamisi, unajua habari za mimi na Mama Salha. Mtaa mzima unazijua. Lakini unazijua zilivyosimuliwa na watu, na ulivyonitetea. Nilisikia ulivyomkabili yule mwuza maji ukamwambia, "Mama yangu hakujua, koma kabisa." Ulisema kweli, sikujua. Ila hukuwahi kuniuliza kwa nini sikujua, na mimi sikukwambia.

Ngoja nianze na ile kanda.

Mama Salha alikuwa shoga yangu kabla wewe hujaota meno. Nyumba yao na yetu zinatenganishwa na kile kichochoro cha kupita mtu mmoja, tena ubavu. Nikikaanga vitumbua yeye ananiazima chujio, akipika pilau sahani ya kwanza inaruka ukuta. Ijumaa jioni alikuwa anakuja na mkeka wake tunasikiliza taarabu, ananiambia, "Rudisha hapo, shoga, nimepapenda." Narudisha. Basi siku ya hina ya Salha akaniazima kanda yangu, ile niliyokuwa naipenda kuliko zote, akaipige kwenye redio ya watu aliyoazima vilevile. Redio ile ikaila kanda. Aliirudisha imeviringishwa kwenye leso, utepe wote nje, ananiomba radhi.

Ningesema haidhuru. Neno lenyewe moja tu. Lakini kulikuwa na wanawake uani siku ile, na mimi nikiona watu mdomo wangu unapata sherehe. Nikaishika juu ile kanda nikasema, "Shoga, nilikupa kanda, umenirudishia tambi. Ungesema una njaa nikupikie." Wakacheka wote, kasoro yeye. Akageuka akaenda zake.

Toka hapo hatukusemezana. Likaanza lile lingine, la nyimbo, ambalo wewe ulikuwa unalifurahia. Mimi nikiweka wimbo wa kumsema mwanamke asiyetunza vya watu, nazielekeza spika dirishani. Wangu ukiisha, yeye kwenye kile kiredio chake kipya anajibu na wimbo wa kumsema mwenye kuringia vyombo. Wewe na mwanawe Athumani mlikuwa mnakaa kichochoroni mnahesabu mabao. Watu wanasema Waswahili tukigombana hatupigani, tunapigiana. Nakuambia ukweli wangu, miezi ile ya mwanzo mimi niliufurahia ugomvi ule. Ulikuwa na adabu yake. Wimbo ukiisha lazima ukae urudishe kanda, na wakati unarudisha, mwenzio anapata nafasi ya kukujibu. Mara moja alinijibu kwa wimbo uliopata kweli kweli mpaka nikacheka peke yangu jikoni, nikajifunika mdomo na upawa. Nikajua na yeye ananisikiliza. Bado tulikuwa tunazungumza, ila kwa midomo ya kukodi. Nilijiambia mwezi wa Ramadhani ukiingia nitampelekea futari, na mambo yataisha hapo.

Ramadhani ikaingia, nikangoja aanze yeye.

Halafu Athumani akaondoka kwenda Sauzi. Alikuja kuaga, hili hukuliona, ulikuwa kazini. Alisimama mlangoni akapiga hodi akasema, "Shikamoo, mama. Nimekuja kukuaga, kesho nasafiri." Mtoto aliyekula kwangu zaidi ya kwao. Mimi nilikuwa ndani, nikamjibu marahaba, safari njema, nikiwa huko huko ndani. Sikutoka. Niliona nikitoka mamake ataona nimelegea. Nikamsikia amesimama kidogo, ananingoja, halafu ndala zake zikaondoka. Sura yake ya mwisho sina, nina zile ndala tu. Ndiyo maana wiki hii umeniona nakukodolea macho mpaka ukaniuliza kama una uchafu usoni.

Baadaye ndipo ukaileta mashine ya sidii. Ulinionyesha vitufe vyote, na ukanionyesha kile cha kurudia. Ukasema, "Ukibonyeza hapa, mama, wimbo wenyewe ukiisha unajianza. Unaweza ukaenda sokoni ukarudi bado unaimba." Wewe ulinionyesha kwa kunipenda, ili nisichafue vifungo kwa mikono ya unga. Mimi nilikiona kitufe kile nikaona ushindi. Nikajua Mama Salha hatakuwa na pa kujibia tena.

Kwenye sahani ile kulikuwa na wimbo mmoja, kiitikio chake kinasema, "Lia, shoga, lia, mie sina cha kukupa." Ilikuwa siku ya Jumapili, mchana, wewe umekwenda mpirani. Nikauweka, nikabonyeza, nikafungua sauti, nikaenda zangu uani kukaanga vitumbua vya watu wa shughuli. Ukaisha ukaanza. Ukaisha ukaanza. Nilikuwa naimba nao huku nageuza.

Sasa nakuandikia lile ambalo sijamwambia mtu.

Kutoka pale uani, kwa ule upenyo wa ua wa makuti, niliwaona wanawake wanapita kichochoroni. Mmoja, wawili, halafu kundi. Wamejitanda leso vichwani, wanakwenda haraka, wanaingia kwa Mama Salha. Bi Chausiku wa nyumba ya pili alipita akanitupia jicho, hakunisalimu. Hamisi, mwanamke wa umri wangu, mzaliwa wa Temeke, akiona wanawake wamejitanda hivyo wanaingia nyumba moja mchana bila mwaliko, anajua. Hakuna asiyejua. Na mimi moyo ulinishtuka, ulinipiga mara moja hapa kifuani. Lakini ugomvi una akili yake mwenyewe. Nikajiambia, kumbe ana shughuli, kawaalika wote kaniacha mimi. Nikafuta mikono, nikaingia ndani, nikaongeza sauti.

Niliongeza sauti, mwanangu. Sikusikia kwa sababu nilihakikisha sisikii.

Kama ingekuwa kanda, wimbo ungeisha. Ungekatika, kiki, deki ikanyamaza, na mimi ningetoka jikoni kwenda kurudisha, na katika kwenda kule ningesikia vilio. Vilikuwa vinasikika mpaka barabarani, nimekuja kuambiwa baadaye. Hata mgao wa umeme, ambao tunaulaani kila siku, siku ile haukutukata. Ningeupigia magoti. Wimbo ukaendelea kumwambia Mama Salha alie.

Bi Chausiku aliingia bila hodi. Hakunitazama, alikwenda moja kwa moja ukutani akachomoa waya. Kwenye kile kimya ndipo nikasikia. Sauti ya Mama Salha nilikuwa naijua akicheka, akikohoa, akiita kuku. Ile sikuwahi kuisikia.

Bi Chausiku akaniambia, "Mama Hamisi, wewe una moyo gani? Mwenzio kafiwa. Athumani kafa huko Sauzi. Wameletewa simu dukani toka saa nne."

Nikasema, "Sijui. Sikujua mie."

Akasema, "Usijue! Na macho unayo?"

Nilikwenda. Sikubadili nguo, na mikono ina unga. Watu wakanipisha, hakuna aliyenifukuza. Walinipa na kikombe cha chai, nikakishika, na Hamisi, afadhali wangenimwagia. Mama Salha alikuwa amekaa chini, amenyoosha miguu, ameishika kanzu ya Athumani ya Idi. Nikainama kumpa pole. Akaniangalia, bila hasira, kama mtu anayetaka kuelewa jambo tu, akaniambia taratibu, "Mie nilidhani ushapata habari. Nikasema, shoga kasikia, ndo maana ananambia nilie."

Nikamwambia, "Wallahi sikujua." Neno lile lilikuwa kweli, na lilikuwa uongo, na mimi peke yangu ndiye niliyejua nusu ipi ni ipi.

Maiti hawakuiona. Walimzika huko huko, watu wasiojua jina la babu yake. Matanga yakaisha, arobaini ikasomwa, nilipeleka mchele na watu wakaupokea. Yeye hakunisemesha vibaya hata siku moja. Halafu akauza vitu vyake akahamia Mbagala kwa kaka yake. Siku anahama nilisimama dirishani, palepale zilipokuwa spika. Gari la mizigo lilikuwa limepakia kitanda, na kile kiredio kilikuwa mapajani mwake. Alipita bila kugeuka.

Basi ndiyo sababu niliirudisha mashine yako. Haikuniumiza kichwa.

Najua utakavyosema, maana unapenda kubishana kama baba yako. Utasema, mama, kosa si la mashine. Kweli. Mashine haina dhambi. Ilifanya nilichoiambia, na wala haikunikataza, na ndio ubaya wake kwangu mimi. Wapo watu wataichukua mashine ile ile wasikilize kaswida kwa amani. Mimi najijua. Mtu anayejijua mlevi haweki chupa chini ya kitanda akasema chupa haina kosa. Nina ulimi mkali na moyo mzito wa kushuka, na nikishikwa na hasira nataka niseme mimi, niseme mimi tena, mpaka mwenzangu asipate pa kupenyeza neno. Deki hainiruhusu. Kila upande ukiisha inanyamaza, inanilazimisha niinuke. Nimeshaizoea inavyonikatiza. Watu wachache wamebaki wa kunikatiza, na mmoja anaondoka kesho.

Hiki kitabia unacho, Hamisi. Sipendi kukwambia lakini unacho, umekipata kwangu, pua ndio umechukua kwa baba yako. Ulipogombana na Shabani juu ya ile baiskeli ulikaa mwaka mzima. Ulikuwa na haki, sikatai, baiskeli ilikuwa yako. Lakini nilikuwa nakuona unavyopita kwao umeinua shingo, nikajiona mimi mtupu, na ndevu. Huko unakokwenda utaishi chumba kimoja na watu msiojuana, mnafanya kazi ghalani kwenye joto, na utagombana, hilo halina hodi. Sikwambii usigombane. Mimi nani wa kusema hivyo? Nakwambia tu kwamba mimi na Mama Salha tulipokuwa tunapigiana kanda bado tulikuwa majirani. Siku nilipomnyima nafasi ya kujibu ndipo nilipompoteza. Na ukiona watu wanapita wamejitanda, toka nje uulize. Uulize hata kama humsemeshi mwenye nyumba. Moyo ukikupiga, usiuongezee sauti.

Na mtu akija kukuaga, toka nje. Kama umevaa taulo, toka na taulo.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana utasema mama kazunguka mpaka Chalinze. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Athumani aliondoka kwa mlango ule, na wewe unaondoka kwa mlango huu. Mnakwenda mbali mbali, najua, wewe una mjomba na karatasi zako ziko sawa, na yeye alikwenda kwa kuzamia. Ninajiambia hivyo kila saa. Lakini naogopa, Hamisi. Mchana nilikuwa nacheka na wale akina mama waliokuja na maandazi, nawaambia mwanangu anakwenda kuwa Mwarabu, na moyoni naogopa. Kuanzia kesho mimi ni mwanamke ambaye mwanawe yuko ughaibuni, na simu iko dukani mtaa wa pili. Habari yako, njema au mbaya, italetwa na mtu kwa miguu. Atapiga hodi kwenye mlango huu wa mbao.

Kwa hiyo sitaki ndani ya nyumba hii kitu kinachoimba bila kukoma. Nataka kinachofika mwisho. Kanda ikifika mwisho nitakaa kidogo kabla sijaigeuza, nisikilize mlango. Huo ndio uamuzi wangu, nimeufikiria kwa masikio yote mawili, na wewe ndiye uliyeniambia kwamba mtu asinunue chombo kabla hajajua anataka kukisikiliza nini. Nataka kusikiliza mlango.

Ukifika, mwambie wa Tandika kwa simu asije kuichukua deki. Kama ulishampa neno, nitamkaangia vitumbua, nitamwomba radhi mimi mwenyewe. Ile sidii ya mjomba usiilete. Ukitaka kunipa zawadi, piga simu pale dukani, hata bila jambo. Useme tu, mwiteni mama. Nitakuja mbio na mikono yenye unga.

Na kesho nikishakusindikiza sitarudi nyumbani moja kwa moja. Nitapita Mbagala. Nimeshauliza nyumba ya kaka yake iko wapi, nimeuliza zamani, nilikuwa sina miguu ya kwenda. Sina kanda ya kumpelekea wala vitumbua. Nitamwambia habari ya wale wanawake niliowaona kwenye upenyo, na kwamba niliongeza sauti, maana pole yangu ya kwanza ilikuwa na nusu iliyofichwa na yeye anastahili nzima. Akinifukuza nitakuwa nimefukuzwa kwa haki. Halafu, kama bado nimesimama, nitamwambia, Hamisi kaondoka leo. Hakuna mwingine mtaani hapa atakayejua nina maana gani nikisema hivyo.

Barua hii nitaitia chini kabisa ya begi, ndani ya ile kanzu nyeupe, uikute ukishafika. Najua utakasirika sikukwambia kwa mdomo. Kwa mdomo ningeanza kufanya utani, unanijua.

Redio nimeizima tangu magharibi. Mtaa umetulia, hata mbwa wa Mzee Kombo kalala. Nakusikia unakoroma humo chumbani, unavuta, unakwama, unaanza tena, kama ulivyokuwa mdogo. Miaka yote hii nilikuwa nagonga ukuta nikikwambia geuka upande, watu tulale.

Leo sigongi. Koroma tu, baba. Nimekaa hapa hapa, nasikiliza, mpaka adhana.

Mama yako,
Mwajuma